Ngoma za Bure Uwanjani Embu

Tangazo lilitolewa asubuhi, kwenye lango la kijiji, wanawake wakiwa wamejipanga kwenda shambani. Miaka hiyo ya Hali ya Hatari hatukutoka kijijini kama mtu anavyotoka kwake. Kijiji chetu, upande wa Karurumo, kilizungushiwa handaki lililojaa vigingi vilivyochongwa ncha, na njia ya kutokea ilikuwa daraja moja la magogo lenye walinzi. Tulitoka pamoja na kurudi pamoja, na jua lilipoinama daraja lilivutwa ndani. Kwa hiyo tulipomwona naibu wa chifu amesimama juu ya sanduku, ameshika kipaza sauti cha bati, hakuna aliyetarajia jambo la heri.

Alisema Jumamosi kutakuwa na ngoma uwanjani Embu. Serikali imeona nchi inatulia, kwa hiyo watu wapumzike na wafurahi. Wachuka watakuja na ngoma zao, Wameru watatoka hata kule Nkubu, Wambeere watapanda kutoka chini, na vikundi viwili vya Wazungu vitatoka Nairobi. Hakuna kiingilio. Lori litatoka sokoni, na atakayepanda atapewa pasi ya siku hiyo moja.

"Wazungu nao watapiga ngoma?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Watacheza," naibu alisema. "Mimi nimeambiwa niseme watacheza."

Watu walicheka, na nadhani kilikuwa kicheko cha kwanza kusikika langoni pale tangu tuhamishiwe kijijini. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika jembe kwa mikono miwili, anamtazama naibu kama mtu anayengoja neno lirudiwe.

Mama alikuwa Mmbeere. Alizaliwa kule chini kwenye joto na mawele, akaolewa huku juu kwenye baridi na migomba. Zamani, kabla ya pasi, tulikuwa tukishuka kila baada ya mavuno kumwona nyanya yetu na dada mdogo wa mama, ambaye sisi watoto tulimwita Tata. Tata hakuwa amejaliwa mtoto, kwa hiyo alitupenda kama wake. Kisha Hali ya Hatari ikaja. Mama alipoomba pasi ya kwenda kwao, aliambiwa kwao ni alikoolewa. Wauza asali waliokuwa wakituletea habari nao wakakoma kupanda. Tangu hapo hatukujua nani yu hai kule chini.

Jioni hiyo mama alipika viazi vitamu na kunde, akangoja baba amalize kula. Baba alikuwa msomaji kanisani. Alisoma Maandiko kwa sauti ya polepole kila Jumapili, na watu walimheshimu. Kanisa letu halikupenda ngoma. Mtu alipobatizwa aliacha pombe, aliacha matambiko, na aliacha kucheza, na mama alikuwa ameviacha vyote vitatu kabla mimi sijazaliwa.

"Baba yake," mama alisema, "Wambeere watakuja Jumamosi."

"Nimesikia."

"Pengine mtu wa kwetu atakuwemo. Hata kama ni wa kuuliza tu."

Baba alinawa mikono taratibu. "Kitu cha serikali cha bure sikiamini sana," alisema. "Na mwinjilisti atakuwepo kuhesabu kondoo zake." Kisha akanitazama mimi. "Nenda naye. Mama yako hajui Kiswahili. Akisimamishwa na askari, wewe ndiye mdomo wake."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda. Nilikuwa msichana aliyekaribia kumaliza shule ya misheni, mwenye miguu mirefu na gauni lililofupika.

Kilikuwa kiangazi kikavu. Mlima ulikuwa wazi asubuhi hiyo, na theluji yake ilionekana kama chumvi iliyomwagika. Embu mjini palijaa watu kuliko nilivyowahi kuona. Katikati ya uwanja walikuwa wameweka jukwaa la mbao, na upande mmoja kulikuwa na viti na turubai kwa ajili ya Bwana DC, mkuu wa wilaya, na wageni wake. Sisi wengine tulikaa chini kwenye nyasi kavu, pande zote, nyuma ya kamba. Kando kabisa, nyuma ya uzio wa miti, ndiko walikowekwa wachezaji, na malori yao yalikuwa huko. Askari walilinda uzio huo. Mchezaji hakuruhusiwa kutoka bila ruhusa, wala mtu wa kawaida kuingia.

Tulikaa karibu na mchinjaji mmoja wa mtaa wa Majengo, mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe, pamoja na mkewe. Mkewe alikuwa na kikapu cha mahamri yaliyofunikwa kwa kitambaa. Alipoona hatukubeba kitu, alinikatia andazi moja, nusu yangu na nusu ya mama, bila kusema neno. Mama alitaka kukataa. Nikamwambia kwa Kiembu kwamba huyu mama atakasirika, akalipokea.

Wachuka ndio waliofungua. Ngoma zao ndefu zilipita katikati ya magoti, na wapigaji waliinama mbele wote kwa pamoja mpaka vipaji vya nyuso vikakaribia ngozi ya ngoma. Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Sauti haikuja masikioni, ilikuja kwanza kwenye mbavu. Watoto wachanga walilia, kisha wakanyamaza kwa mshangao. Wakafuata vijana wa Meru, warefu, wenye njuga miguuni, wakiruka na kutua kama mtu mmoja. Mchinjaji alitikisa kichwa kwa furaha. Nikamtazama mama. Alikuwa amekunja mikono juu ya magoti na kitambaa chake cha kanisani kimefungwa vizuri kichwani, na macho yake yalikuwa kwenye uzio.

Kisha wakaja Wazungu.

Kundi la kwanza lilikuwa la wasichana wadogo waliovaa manjano. Waliruka ruka na kuinama na kukimbia tena kwa mama zao, na watu wakawapigia makofi kama watu wanavyowapigia watoto. Kundi la pili lilikuwa la wasichana wakubwa, rika langu au wakubwa kidogo. Walivaa sketi nyeupe ngumu zilizosimama pembeni kama uyoga. Mwalimu wao, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya majani, aliweka sahani ya santuri kwenye gramafoni, na muziki mwembamba ukatoka, ukapeperushwa na upepo.

Wasichana wakainuka kwenye ncha za vidole.

Uwanja mzima ulivuta pumzi. Mwanamke mmoja nyuma yetu alisema kwa Kiembu, "Wanatembea kwa kucha." Mwingine akauliza kama hawaumii.

"Hii ndiyo ngoma ya kwao," mchinjaji alinieleza kwa Kiswahili. "Mimi nilipokuwa vitani, nilipita mji mmoja wa kwao. Watu huvaa nguo nzuri wakaenda kutazama hivi hivi, wamekaa kimya kama msikitini."

"Kimya?"

"Kimya kabisa. Hata kukohoa ni aibu."

Nikamtafsiria mama. Alisema, "Basi mchezaji anajuaje kama amefika?"

Mchinjaji alicheka nilipomwambia.

Ikawa zamu ya msichana mmoja kucheza peke yake. Alikuwa na nywele za rangi ya mkonge na uso mwekundu kwa jua. Alizunguka, akasimama kwa mguu mmoja, akaunyosha mwingine nyuma. Hapo katikati gramafoni ikakwaruza, ikapunguza sauti, ikanyamaza. Mwalimu aliinama juu yake akahangaika na mkono wa kuizungushia. Nilidhani msichana atakimbia. Alisimama kidogo tu, kama mtu aliyesahau neno, kisha akaendelea. Alicheza bila muziki. Tulisikia viatu vyake vikigonga mbao, tok, tok, na pumzi yake alipotua. Hakuna aliyecheka. Watu walikaa kimya, na haikuwa kwa sababu ya aibu ya kukohoa. Alipomaliza aliinama, na kelele iliyotoka kwetu ilimfanya arudi nyuma hatua moja.

"Huyo amefundishwa," mama alisema. Ndilo neno la kwanza alilosema kuhusu mchezo wowote siku ile.

Wambeere waliingia jua likiwa juu ya kichwa. Wanaume walikaa na ngoma upande mmoja, na wanawake wakaingia kwa mstari, wamevaa ngozi zilizotiwa shanga, wengine wamejifunga shuka juu yake. Mama aliegemea mbele. Aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Nilijua alikuwa akitafuta nini. Nami nilitafuta. Tata hakuwemo.

Wakaanza kucheza. Hatua ilikuwa ya polepole, na kila mara kabla ya kuinua mguu wa kulia, wanawake wote waliinua kwanza bega. Bega likipanda, mguu ukafuata nyuma yake kidogo, kama uliovutwa kwa kamba.

Mama alisimama. Watu waliokuwa nyuma walimwambia akae. Hakusikia.

"Hatuchezi hivyo," aliniambia. "Kwetu hakuna anayecheza hivyo."

"Ni akina nani basi?"

"Ni Tata peke yake. Aliungua goti alipokuwa mtoto, halikunjiki vizuri. Ndiyo maana huinua bega kwanza, apate nguvu ya kuvuta mguu." Alinishika mkono kwa nguvu. "Hawa wote wamefundishwa na Tata."

Nikauliza kama basi yuko hapa, naye hakunijibu. Nilielewa baadaye. Mtu anaweza kufundisha kisha akafa, na ngoma ikaendelea. Mama alisimama hivyo mpaka Wambeere walipotoka, kisha akaanza kutembea kuelekea uzio, akapita juu ya miguu ya watu, mimi nikimfuata na kuomba radhi kwa niaba yake.

Askari wa mlangoni alikuwa kijana. Alitukinga kwa fimbo.

"Mnataka nini?"

"Shikamoo, afande," nilisema. Kiswahili changu kilikuwa cha shule na kilitoka kigumu kama ubao. "Mama yangu anamtafuta ndugu yake. Yuko pamoja na Wambeere."

"Ana jina?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Wachezaji wote nimewahesabu wakiingia. Jina hilo sijalisikia. Rudini."

Nikamwambia mama. Yeye hakubishana. Aliweka mikono kwenye miti ya uzio, akaita. Hakupaza sauti sana. Aliita kwa Kimbeere, neno ambalo kwao dada humwitia dada, binti wa mama. Aliita tena. Askari alitaka kumwondoa, kisha nadhani alimwona uso, akaacha.

Chini ya lori, kwenye kivuli, mwanamke aligeuka. Alikuwa amekaa amenyoosha mguu mmoja, akifunga kamba ya njuga za mtu. Alitazama uzio muda mrefu. Kisha akainuka kwa shida, na tulipomwona vizuri, tulimwona amefunga mtoto mgongoni.

Walisimama hivyo, uzio katikati yao, wakashikana mikono kwenye nafasi za miti. Hakuna aliyelia. Mama aliingiza mkono mpaka begani, akamgusa mtoto kichwani, akaushusha mkono mpaka kwenye mguu mdogo uliokuwa ukining'inia.

"Wa nani?" aliuliza.

"Wangu," Tata alisema. "Nimezaa. Nilituma habari kwa mtu, sijui alifika wapi."

"Hakufika."

"Nilituma na nyingine." Tata alisita. "Hiyo nayo haikufika, naona."

Mama aliuacha mguu wa mtoto, akamshika Tata mkono.

"Mama yetu alitutoka kiangazi kilichopita," Tata alisema. "Aliugua kidogo tu. Alikula uji jioni, akalala. Aliuliza habari zako. Nikamwambia uko salama, maana nisingeweza kumwambia kitu kingine."

Mimi nilikuwa nimesimama kando, na nilijua ni nyanya yangu anayesemwa, lakini nilichokiona ni shingo ya mama tu. Mishipa ilitokea, ikatulia. Alikiachia kichwa chake kikagusa mti wa uzio, na Tata upande wa pili akaegemeza chake mahali pale pale. Mtoto alikohoa. Askari kijana aliangalia upande wa mlima. Baadaye kidogo alisogeza mti wa mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie aingie. Wasikae sana."

Tulikaa chini ya lori lile mchana wote. Wanawake wa Mbeere walitupatia asali kwenye kipande cha kibuyu, na mama aliwauliza habari za kila mtu, nani ameolewa, nani amehamishwa, kisima kipi kimekauka. Mtoto alipita mikononi mwetu sote. Alikuwa msichana mnene mwenye macho ya kuchunguza. Tata alisema kucheza hakuwezi siku hizi, goti limemshinda tangu alipojifungua. Lakini kikundi kilipoundwa, walimwita afundishe, kwa sababu nyimbo za zamani alizijua, na wasichana walimwiga kila kitu, hata kasoro. "Niliwaambia bega liacheni, ni langu la ugonjwa," alisema. "Wakasema linapendeza."

Hapo mama alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na tukamwacha alie.

Jua lilipoanza kulegea, tarumbeta ililia na vikundi vyote vikaitwa uwanjani kwa duara la mwisho. Wachuka, Wameru, Wambeere, hata wasichana wa Kizungu waliovaa sasa sweta juu ya sketi zao, waliingia wakazunguka jukwaa. Wanawake wa Mbeere walisimama. Tata naye alisimama, akamtazama mama.

"Matanga ya mama hukuhudhuria," alisema. "Njoo umchezee."

"Mimi ni mtu wa kanisa."

"Najua. Yeye hakuwa."

Mama alivua viatu vyake vya turubai akanipa, akafungua mtoto mgongoni mwa Tata akanipa na yeye. Kitambaa cha kichwani hakukiondoa. Walitoka pamoja, wameshikana mikono, na nikawatazama kupitia uzio, nimebeba mtoto mkono mmoja na viatu mkono mwingine. Mama alicheza mwisho wa mstari, kando ya dada yake aliyekuwa akitembea tu na kuimba. Mwanzoni alicheza kama mtu anayekumbuka njia gizani. Walipozunguka mara ya pili mwili ulikuwa umekumbuka. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Kwangu alikuwa mtu wa jembe na sufuria na benchi la kanisani, na sasa nilimwona akiwa binti wa mtu. Nilihisi haya kidogo, na fahari, na nikamfunika mtoto jua usoni.

Mwinjilisti alikuwa amesimama karibu na turubai la DC. Alimwona. Mama naye aliona kwamba ameonwa, na hakutoka kwenye duara.

Lori letu lilipiga honi mapema, ili tuwahi daraja. Hapakuwa na nafasi ya kuagana sana. Tata alinishika kidevu akasema nimekuwa mrefu mno, nisije nikaolewa mbali. Njiani vumbi lilimkaa mama usoni, na njia mbili safi zimepita katikati yake.

Nyumbani alimwambia baba yote, kwa mpangilio, kuanzia bega mpaka duara. Baba alisikiliza. Mama alipofika kwenye habari ya nyanya, baba alivua kofia.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimwita mama baada ya ibada. Baba aliingia naye ingawa hakuitwa. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, na nilisikia mwinjilisti akiuliza kama ni kweli alicheza ngoma mbele ya umati. Mama alisema ni kweli. Kisha nikasikia sauti ya baba, ile ile ya polepole ya kusomea Maandiko.

"Mke wangu alikuwa matangani," alisema. "Alichelewa, kwa kuwa hakupewa pasi."

Wazee walinong'ona. Mwishowe walimzuia Meza ya Bwana kwa muda, akawa anakaa benchi la nyuma. Alikaa bila kinyongo. Baba, ambaye mahali pake palikuwa mbele, alikuwa akimaliza kusoma anafunga kitabu, anatembea katikati ya kanisa mpaka nyuma, na kuketi kando yake. Alifanya hivyo kila Jumapili mpaka mama aliporudishwa. Hakuna aliyemkataza.

Kule chini hatukushuka hadi kijiji kilipovunjwa na handaki kufukiwa. Wakati huo mtoto wa Tata alikuwa akitembea na kusema, na alikataa katakata kuja kwangu. Mume wa Tata alituonyesha mahali alipozikwa nyanya, nyuma ya ghala la mawele, chini ya rundo la mawe. Mama alipiga magoti akaomba kikristo, akataja jina la mama yake mara nyingi. Kisha akamwuliza shemeji yake kama mawele yamepona kuliwa na ndege mwaka huo. Alisema yamepona kiasi. Tukaenda kuyaona.